Bundu Peke Yake Haumtoshi Mtoto

Siku za Jumanne na Ijumaa, mpaka wa Mpondwe kati ya Uganda na Kongo, wilayani Kasese, hujaa watu tangu alfajiri. Wanawake kutoka upande wa Kongo huvuka na madumu ya mawese, na wenzao wa Bwera, upande wa Uganda, huwangoja na maharagwe, vitunguu, chumvi ya Katwe na magunia ya samaki wakavu. Lugha za Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu wa karibu, hivyo wao kwa wao hawahitaji mkalimani. Akitokea mchuuzi wa Goma au wa Kampala, bei hutajwa kwa Kiswahili. Jua likipanda kidogo tu, pa kuweka mguu hapapatikani bila kukanyaga bidhaa za mtu: ndizi, mihogo, maparachichi, mapasheni, mafungu ya mchicha ambao Uganda huitwa dodo, karanga, trei za mayai, dagaa waliomwagwa juu ya turubai.

Mgeni akisimama hapo ataapa kwamba utapiamlo ni habari ya mahali pengine. Takwimu zinamkatalia. Mwaka 2016 utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulipima watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano na kukuta 29 katika kila 100 wamedumaa. Katika kanda ya Tooro, ambamo watafiti waliihesabu wilaya ya Kasese, waliodumaa walikuwa 41. Hakuna kanda nyingine iliyofikia kiwango hicho, hata Karamoja, ile nchi kavu ya wafugaji ambayo watu wengi wa Uganda huitaja kwanza wakizungumzia njaa. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba wastani wa taifa umeendelea kushuka. Hata hivyo, magharibi mwa nchi swali ni lilelile: imekuwaje watoto wadumae katika nchi inayopakia chakula kwenye malori kila wiki na kuwapelekea wengine?

Kulijibu kunahitaji kuiacha meza ya mchuuzi na kuangalia kinachowekwa mbele ya mtoto wa mwaka mmoja, wa miwili, wa mitatu, mara ngapi kwa siku, na pamoja na nini.

Mfupi kama babu yake?

Ugumu wa udumavu ni kwamba hauonekani kwa urahisi. Mtoto aliyekonda hushtua kila anayemwona, lakini aliyedumaa hucheza, hucheka na kukimbiza kuku uani kama wenzake. Kinachokosekana ni sentimita kadhaa za urefu, na kijijini ambako watoto wengi wako hivyo hivyo, hakuna wa kumlinganisha naye. Majirani husema amechukua ufupi wa babu yake, na mazungumzo huishia hapo.

Hoja hiyo ya ukoo ilichunguzwa. Shirika la Afya Duniani lilipotayarisha chati za ukuaji zilizotolewa mwaka 2006, lilifuatilia watoto walionyonyeshwa na kulishwa vizuri katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Watoto wadogo wa Accra na Muscat walikua kwa urefu unaokaribiana sana na wa Oslo. Tofauti za ukoo zipo, lakini katika miaka mitano ya kwanza hazitoshi kueleza kwa nini watoto wanne katika kila kumi wa eneo moja wawe wafupi kupita kiasi.

Uharibifu mwingi hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, yaani miezi tisa ya mimba na miaka miwili inayofuata. Ndicho kipindi ambacho mifupa hurefuka kwa kasi, na ubongo hufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mtoto aliyepungukiwa wakati huo anaweza kunenepa baadaye, lakini urefu uliopotea ni vigumu kuurudisha wote, na mara nyingi darasani hujifunza kwa shida zaidi.

Mwanzoni mambo huwa mazuri. Kwa utafiti huohuo wa 2016, watoto 66 katika kila 100 wa Uganda walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama tu, bila maji wala uji, kama inavyoshauriwa. Mambo huharibika pale chakula kinapoanza. Kati ya watoto wa miezi 6 hadi 23, takriban 15 tu katika kila 100 walikuwa wakila mara za kutosha na vyakula vya aina za kutosha. Na upungufu wa damu ulikutwa kwa zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika hesabu hiyo, lakini chakula nacho kimo: akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huwa imepungua sana afikishapo miezi sita, na maziwa ya mama pekee hayawezi kuijaza tena.

Tumbo dogo, chakula kingi cha aina moja

Chakula kikuu cha nyumba nyingi za Wakonzo ni bundu. Muhogo humenywa, hulowekwa, huanikwa juani na kusagwa, kisha unga husongwa kwenye maji ya moto mpaka uwe donge laini, lenye kunata, linalokatwa kwa vidole na kuchovywa mchuzini. Mkulima aliyeshuka mlimani na gunia la kahawa mgongoni hula bundu akashiba mpaka jioni, na ndiyo sifa yake kubwa.

Kwa mtoto mdogo, kushiba huko ndiko kwenye hatari. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba karibu mililita 240 kwa mlo mmoja, chini kidogo ya kikombe cha chai. Likijazwa muhogo mtupu, halina nafasi ya kitu kingine, na muhogo una nguvu nyingi lakini cha kujengea mwili kidogo sana. Gramu 100 za unga wake hazifikishi hata gramu 3 za protini. Maharagwe makavu ya uzito huohuo yana zaidi ya gramu 20, karanga karibu 25, na dagaa wakavu hupita 50. Matoke ya Ankole na ugali mweupe wa mahindi havitofautiani sana na bundu katika jambo hili: vyote vinahitaji mwenza.

Desturi ya kumlainishia mtoto chakula nayo huongeza tatizo. Anayeanza kula hupewa bundu uliochovywa kwenye maji ya maharagwe, lakini maharagwe yenyewe hubaki kwa wakubwa, kwa hofu kwamba yatamvimbisha tumbo. Maji hayo yana ladha, chumvi na rangi. Protini na madini mengi yamebaki kwenye punje. Dawa yake ni ndogo: maharagwe yaliyoiva sana hupondwa kwa mwiko, huchujwa maganda kama mtoto ni wa miezi sita au saba, na kuchanganywa na kijiko cha karanga zilizosagwa. Uji nao uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumiminika. Uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe chenye mdomo ni maji mengi yenye unga kidogo.

Wataalamu wa lishe wana kipimo kimoja ambacho mzazi yeyote anaweza kukitumia bila mizani. Hugawa chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; maharagwe, njugu na mbegu; maziwa na vinavyotokana nayo; nyama, samaki na maini; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, kama papai, embe, boga na majani ya kijani kibichi; na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto apate angalau matano kwa siku. Anayenyonya na kula bundu kwa maji ya maharagwe amepata mawili. Maharagwe yenyewe yakipondwa, yanakuwa matatu. Kipande cha papai kinafanya manne, na kijiko cha unga wa dagaa kinafanya matano.

Kiasi hupanda pamoja na umri. Anayeanza akiwa na miezi sita hupewa vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa, mara mbili au tatu kwa siku, na huongezewa polepole mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi tisa hula mara tatu au nne, nusu kikombe kila mlo, na hufundishwa kushika vipande laini kwa mkono wake. Akishatimiza mwaka, kila mlo ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na katikati ya milo hupata ndizi mbivu, kipande cha parachichi au kiazi kitamu. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili au zaidi, kwa kuwa katika mwaka wa pili maziwa ya mama bado hutoa karibu theluthi moja ya nguvu anayohitaji.

Muhogo wenyewe unataka uangalifu mwingine. Aina chungu zina kemikali inayozalisha sianidi, na ndiyo sababu wazee hawakuruka hatua ya kuloweka na kuanika. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu waliohudhuria mazishi waliugua baada ya kula chakula cha unga wa muhogo. Uchunguzi uliofuata wilayani ulihesabu wagonjwa 98, wawili kati yao wakafa, na ukaonyesha kwamba chanzo ni unga wa muhogo mchungu. Sumu ya kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukihimili humlemea haraka mtoto mwenye kilo kumi. Unga ununuliwe kwa mtu anayejua umetayarishwaje, na majani ya muhogo, yale ambayo Bwera na Kongo huyaita sombe na Watanzania kisamvu, yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu na sufuria ikiwa wazi. Yakishaiva hivyo ni mboga ya heshima: yana protini nyingi kuliko majani mengine mengi, na yakiungwa kwa mawese na karanga humpa mtoto vitamini A na mafuta ya kuifyonza.

Mlima, tambarare na ziwa

Wilaya ya Kasese ina jiografia ya ajabu. Juu kabisa kuna theluji ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafikia mita 5,109, kwenye mlima wa tatu kwa urefu Afrika. Chini kuna tambarare yenye joto inayopitiwa na mstari wa ikweta, kisha maziwa ya George na Edward. Katika wilaya hiyo moja wapo wakulima wa mlimani wenye kahawa, mihogo na maharagwe. Wafugaji wa Kisongora wenye maziwa. Na wavuvi wa Katwe, Kayanja na Hamukungu wenye ngege na kambare. Mtu akiwaweka mezani pamoja, mtoto wao hakosi kundi hata moja kati ya yale manane.

Lakini hawakai mezani pamoja. Mtoto wa mlimani hula maharagwe na mihogo, na samaki humwona siku moja moja. Mtoto wa kijiji cha wavuvi ana samaki mlangoni, lakini vijiji vile vimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako kilimo ni kwa shida na tembo na nguruwe pori hawajui mpaka wa bustani. Mboga na matunda huja kutoka mbali na huja kwa bei. Kwa mfugaji maziwa yapo, ila mara nyingi yanawahi dumu la mnunuzi kabla ya kikombe cha mtoto.

Kinachopatikana huondoka pia. Samaki wakubwa wa maziwa haya hupelekwa mijini na Kongo, na nyumbani kwa mvuvi hubaki wadogo. Kwa lishe ya mtoto, wadogo hao ndio bora. Samaki mdogo, kama dagaa wanaouzwa sokoni, huliwa mzima, pamoja na mifupa, kichwa na maini yake, hivyo mtoto hupata kalisi, chuma na vitamini A ambavyo mnofu mweupe wa ngege hauna kwa wingi. Dagaa wakavu wakipembuliwa mchanga, wakaoshwa, wakakaangwa kidogo bila mafuta na kutwangwa mpaka wawe unga, hukaa ndani ya chupa yenye kifuniko, na kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji wa mtoto hakihitaji jiko la pili wala wakati wa ziada.

Kwa mwenye kipande kidogo cha shamba mlimani, mbegu nazo zimebadilika. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, maarufu kama viazi lishe, vina malighafi ya vitamini A ambayo vile vyeupe havina. Mmoja wa waliovitafiti kwa miaka mingi ni Mganda, Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Watoto huvipenda bila kubembelezwa kwa sababu ni vitamu na laini, na kipande cha ukubwa wa ngumi ya mtoto kinakaribia kumaliza haja yake ya vitamini hiyo kwa siku.

Somo lililoanzia Mulago

Uganda si mwanafunzi mpya katika mambo haya. Utapiamlo ule wa miguu kuvimba, ngozi kubabuka na nywele kuwa nyekundu ulipewa jina la kwashiorkor katika maandishi ya kitabibu na Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930. Wengi wa waliouchunguza kwa kina baadaye walikuwa Kampala. Hugh Trowell, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean walichapisha mwaka 1954 kitabu kizima juu yake, kilichotokana na wagonjwa waliowaona katika hospitali ya Mulago. Baganda walikuwa na jina lao, obwosi, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama amebeba mimba nyingine, na jina hilo lilikuwa limeshika jambo ambalo madaktari walichukua miaka kulithibitisha: hatari huanza siku maziwa yanapokatika na hakuna chakula cha maana kilichochukua nafasi yake.

Tiba ya kwanza ilikuwa maziwa ya unga. Watoto walipona wodini, wakarudi nyumbani, na baadhi wakarejea tena hospitalini na hali ileile, au wakiharisha kwa chupa zilizooshwa kwa maji machafu. Mwaka 1965 Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto wake, akapika kwa mafiga na sufuria kama za nyumbani, kwa vyakula vya sokoni kwake. Mtoto alipona mbele ya macho ya mama, kwa mkono wa mama mwenyewe.

Chakula kilichofundishwa pale ni kitobero. Mpishi huchukua chakula kikuu kilichokatwa vipande vidogo, maharagwe au karanga zilizosagwa, samaki au nyama iliyosagwa, na mboga za majani. Vyote hufungwa ndani ya jani la mgomba lililolainishwa kwa moto, na kile kifurushi huwekwa juu ya chakula cha familia kiive kwa mvuke. Sufuria ni moja, moto ni mmoja, na mtoto ana mlo wake usio na pilipili wala chumvi nyingi. Kikiiva hufunguliwa, hupondwa kwa kijiko, na mvuke ukipungua kinaliwa.

Kitobero kilizaliwa katika nchi ya matoke, lakini kanuni yake haidai matoke. Bwera kinaweza kuwa kiazi kitamu, maharagwe yaliyoondolewa maganda, unga wa dagaa na dodo, na tone la mawese juu yake.

Mkono unaoshika pesa, na saa zisizotosha

Si haki kumwambia mama ampe mtoto yai kama yai hilo ndilo linalonunua sabuni. Katika miteremko ya Rwenzori mashamba ni madogo na mvua hubeba udongo. Mei 2013 na tena Mei 2020 mafuriko yalishuka mlimani kwa nguvu, mto Nyamwamba ukabomoa nyumba na madaraja na hata kuiharibu hospitali ya Kilembe. Sehemu nzuri ya shamba imepandwa kahawa. Kwa muda mrefu kazi kubwa ya kahawa, kuanzia palizi hadi kuchuma na kuanika, imefanywa na wanawake, na mauzo yakafanywa na wanaume.

Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, chenye makao Kyarumba, kiliamua kulizungumza jambo hilo kwa picha. Wanachama, wakiwemo wasiojua kusoma, huchora mti wa familia. Kwenye mizizi huonyesha nani anafanya kazi gani, mwanamke upande mmoja na mwanamume upande wa pili. Kwenye matawi huonyesha nani anatumia mapato, na kwa lipi. Mume akiuona mti wake umeinama upande mmoja, hoja haihitaji mhubiri. Njia hiyo, iliyokuzwa pamoja na wataalamu wa jinsia, imesafiri hadi kwa wakulima wa nchi nyingine. Kwa mtoto, maana yake ni ya moja kwa moja: pesa za kahawa zikipangwa na watu wawili, samaki na mayai huanza kuonekana kwenye orodha ya matumizi.

Pesa ikishapatikana, wakati nao una mipaka. Mama anayeamka gizani, akapanda shambani na kurudi alasiri, humwacha mtoto kwa dada yake wa miaka minane. Chakula cha mtoto ni kilichobaki usiku, tena kwenye sahani moja na kaka zake wanaokula mara tatu ya kasi yake. Hapa sahani yake mwenyewe inamsaidia kuliko mahubiri yoyote: anayemlisha huona amekula kiasi gani na amebakiza nini. Mtoto wa mwaka na nusu huhitaji mtu wa kukaa naye, kumsemesha, kumsubiri atafune, na kutomlazimisha akigeuza uso.

Imani nazo hudai sehemu yake. Katika sehemu nyingi za Uganda husemwa kwamba mtoto akila mayai atachelewa kuzungumza. Hakuna ushahidi wa hilo. Yai moja lina gramu sita hivi za protini bora, pamoja na kolini, kirutubisho ambacho ubongo wa mtoto hukihitaji.

Maji, maradhi na utepe wa rangi tatu

Chakula kizuri kinaweza kupotelea tumboni. Mtoto anayeharisha kila mwezi hafaidi alichokula, na kila ugonjwa humpunguzia hamu ya kula. Mwaka 2015 Kasese ilipata mlipuko wa kipindupindu, na wachunguzi wakauhusisha na kunywa maji yaliyochafuliwa na majitaka. Kuchemsha maji, kunawa kwa sabuni kabla ya kumlisha, na kutomwachia mtoto uji wa asubuhi unywewe jioni bila kuchemshwa tena ni sehemu ya lishe sawa na maharagwe. Akiugua aendelee kunyonya na kula kidogo kidogo, na akipona apewe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili.

Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, vituo vya afya vya Uganda hutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Wahudumu wa afya wa kijiji, ambao kila mtu huwaita VHT, huzunguka na utepe wa kupimia mkono. Mtoto hukunjwa kiwiko, katikati ya bega na kiwiko hutafutwa, mkono hunyooshwa, utepe huzungushwa bila kubana. Kijani, sentimita 12.5 na kuendelea, hakuna hofu ya kukonda. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, afuatiliwe na chakula chake kirekebishwe. Nyekundu, chini ya 11.5, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kisha mhudumu hubonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili na kuhesabu kidogo. Shimo likibaki pale alipobonyeza, ni uvimbe wa kwashiorkor na hauvumilii kesho, hata kama utepe ni wa kijani. Utepe huo hata hivyo hausemi lolote juu ya udumavu. Huo hugunduliwa kwa kumlaza au kumsimamisha mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu na kuandika kwenye kadi yake, jambo ambalo mzazi ana haki ya kuliomba.

Kikombe cha saa nne

Mtoto akifika miaka mitatu, sehemu ya chakula chake huondoka mikononi mwa mama. Kasese na Bwera, kama kwingineko Uganda, kuna shule za nasari kila mtaa, na mtoto huanza na darasa la watoto wadogo akiwa hajajua hata kufunga viatu. Huondoka nyumbani amekunywa chai kavu na andazi. Saa nne hupewa kikombe cha uji wa mahindi wenye sukari, na hurudi nyumbani mchana na usingizi.

Chai ina kemikali zinazozuia mwili kuchukua chuma kutoka kwenye chakula, kwa hiyo si kinywaji cha kumpa mtoto pamoja na mlo. Maziwa hufaa zaidi, na palipo na tunda lenye vitamini C kama pasheni, chungwa au embe, chuma cha maharagwe na dodo hufyonzwa vizuri. Soda, jusi za unga na biskuti zilizorundikwa kwenye kibanda cha lango la shule humwondolea mtoto njaa bila kumlisha. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, maana humkwama kooni. Zisagwe, na zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa ukungu huo hutoa sumu inayodhuru ini.

Wazazi wengi hulalamika kwamba katika umri huu mtoto amekuwa mchaguzi. Sehemu ya hofu hiyo haina msingi. Katika mwaka wa kwanza uzito wake uliongezeka mara tatu. Kuanzia wa pili huongeza kilo mbili hivi kwa mwaka, kwa hiyo hamu hupungua yenyewe. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara nane au kumi kabla ya kukubaliwa. Anayempikia hukirudisha mezani siku nyingine, kidogo, karibu na kile anachokipenda, na wakubwa hukila mbele yake.

Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Uganda ya 2008, chakula cha mwanafunzi ni jukumu la mzazi, kwa hiyo uji wa nasari hulipiwa kwa mchango wa kila muhula. Kiasi chake, na unga unaonunuliwa, ni mambo ambayo mzazi anaweza kuyauliza kwenye kikao. Unga wa mahindi ukichanganywa na soya au karanga zilizosagwa, kikombe kilekile cha saa nne hubeba protini ambayo sukari haikuwahi kuibeba. Shule yenye kiwanja inaweza kupanda papai, dodo na viazi lishe kando ya uzio. Na kwa kuwa mwaka wa shule huanza Februari, kikao cha kwanza ndicho chenye nafasi ya kulipanga hilo kabla mpishi hajanunua gunia la muhula mzima.